Simama Palepale

Begi jipya lina harufu yake. Ni nailoni iliyofungiwa muda mrefu ndani ya boksi, gundi kidogo, na ile pakiti ya punje nyeupe iliyoandikwa usile, ambayo watoto wa Kariakoo tulidhani ni sukari ya wakubwa. Majuzi nilimpeleka mwanangu Mtaa wa Kongo kumnunulia begi la likizo. Muuzaji akavuta zipu, akatusogezea begi usoni tuone nafasi ya ndani, na mimi ikabidi nitoke nje nikashike nguzo. Mwanangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia joto.

Halikuwa joto. Nimekulia ndani ya harufu ile. Baba yangu aliuza mabegi mtaa wa nyuma ya soko, duka jembamba lenye mabegi yaliyoning'inia mpaka darini, na likizo za shule ndizo zilizotulisha. Yeye aliamini kwamba mtu hauziwi begi tu, anauziwa na safari salama. Mteja akishachagua, Baba hamwachi aende. Jina liandike ndani, karatasi ya nje inachanika. Mkono wa begi ufunge utepe wa rangi, usije ukashuka na la mwenzio. Cha thamani kipakate, buti la basi halina mwenyewe. Hata mama wa Magomeni aliyetaka mfuko wa kupelekea nguo kwa fundi alipewa somo zima. "Tahadhari kabla ya hatari," Baba alimalizia, kana kwamba methali hiyo aliitunga yeye.

Mimi nilikuwa kielelezo chake. Nikitoka shule nilipita dukani, akanipandisha juu ya sanduku gumu pale mlangoni, nikahojiwa mbele ya watu.

"Mwambie mama hapa. Uko stendi, umegeuka kidogo, hutuoni. Unafanyaje?"

"Nasimama palepale."

"Humtafuti baba?"

"Simtafuti. Nikimtafuta na yeye akinitafuta tutapishana. Nasimama palepale nilipoachwa, Baba atarudi."

"Na akija mtu akasema twende, baba yako kanituma?"

"Namuuliza neno. Asipolijua, napiga kelele huyu simjui."

Wateja walicheka, wakasema mashallah, mtoto ana akili huyu. Mimi nilivimba kichwa. Neno lenyewe nililichagua mwenyewe. Baba alitaka kitu ambacho mtu hawezi kukitaja kwa bahati tu, nami nikafikiri mpaka nikachoka. Sambusa za nyama zilikuwapo, za viazi zilikuwapo, za mboga zilikuwapo. Nikasema, sambusa ya dagaa. Baba alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawa mtu wa maana tena, akaniambia neno hilo ni letu watatu, yeye, mimi na Mama, na atakayelitamka nijue ametumwa na Baba kwa kinywa chake. Nililibeba neno lile kama watoto wengine wanavyobeba hirizi.

Safari niliyoandaliwa ilikuwa ya Tanga, kwa Bibi. Bibi mzaa mama ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa mpaka nikafika umri wa kuanza shule, ndipo nikaletwa Dar kwa wazazi wangu, kwenye nyumba ya ghorofa pale Mchafukoge ambako sikumjua mtu. Aliniita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na tukigombana alinitishia kunishtaki kwa mume wetu, yaani babu, ambaye alikwishakufa kabla sijazaliwa. Kila likizo niliambiwa likizo ijayo. Mara duka lina wateja, mara mdogo wako bado mchanga, mara mvua. Nilipokuwa darasa la tatu, Baba alisema kwa mdomo wake kwamba mwezi wa sita tunaenda wote. Nikapewa simu nimwambie Bibi mwenyewe.

"Mke mwenzangu," akasema, sauti ikikwaruza, "uje unisuke. Hawa wa huku wananivuta nywele kama wanang'oa mihogo."

Basi nikajifunza kusuka. Nilifanyia mazoezi kichwa cha Mama kila jioni, twende kilioni, ile misuko ya haraka inayolala kuelekea nyuma, ndiyo Bibi aliyoipenda. Mistari ilipinda, nikafumua, nikaanza upya. Sikutaka kitu kingine chochote duniani isipokuwa kukaa nyuma ya Bibi kwenye mkeka, kichwa chake kikiwa katikati ya magoti yangu, nimwonyeshe kwamba mikono yangu imekua.

Likizo ilipokaribia, Baba alinishushia begi dogo la mgongoni kutoka darini, la bluu, akafunga utepe mwekundu. Nikajipa kazi ya ukaguzi wa safari. Niliijua orodha nzima kwa kichwa, na hakuna kilichoingia kwenye begi bila mimi kukiona. Niliona pia kwamba watu wazima wanaongea kwa sauti ndogo, na simu ikilia Baba anatoka nayo ngazini, lakini nilidhani ndivyo watu wanavyokuwa kabla ya safari kubwa.

Siku moja Mama akarudi kutoka sokoni na furushi. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na bafta nyeupe, nyingi, pamba bunda kwa bunda, na kafuri ndani ya karatasi. Nilifurahi kweli. Baba alikuwa amenifundisha kuhusu majeraha ya njiani, kwamba msafiri awe na pamba na kitambaa safi, na nikaona Mama ameamua kuwashinda wasafiri wote, maana kwa pamba ile tungeweza kufunga vidonda vya basi zima. Kafuri nikaamua ni ya kufukuza mende kwenye nguo. Nikavipanga vizuri kwenye begi kubwa, pamba nikaiweka juu ili ipatikane haraka. Mama aliingia akanikuta, akakaa kitandani, akaanza kulia.

"Usiogope, Mama," nikamwambia. "Tukikaa viti vya katikati hatuumii sana. Na dirishani hatununui kitu ila kile tunachokimenya wenyewe."

Alinivuta kifuani. "Najua, mwanangu," akasema. "Najua."

Msomaji wa pwani ameshaelewa. Bibi alikuwa mahututi, na kwetu wako wazee wanaojiwekea sanda sandukuni mapema ili wasiwasumbue watu. Ya kwake aliiagiza mwenyewe, na alitaka bafta ya Kariakoo, akisema ya huko kwao inaonyesha. Kwa hiyo nilimpakia bibi yangu sanda kwa mikono yangu, nikidhani ni bandeji.

Siku ya safari niliamshwa giza halijaisha. Teksi ilikuwa chini, mlango wazi. Mama alikwishakaa kiti cha nyuma na mdogo wangu mapajani, uso umefunikwa kwa kanga. Baba alikuwa anapanga mabegi kwenye buti. Aligeuka akanitazama miguu.

"Viatu gani hivyo?"

Nilikuwa na kandambili. "Vile vya kufunika sijaviona, Baba."

"Msafiri havai kandambili. Basi likiharibika utatembeaje? Panda juu kavitafute. Taratibu, usianguke ngazini."

Viatu hivyo nilikuwa nimevipanga mlangoni jana yake, vichwa vikitazama nje. Nikakuta kimoja chini ya kitanda, kimesukumwa mpaka ukutani, ikabidi niingie kwa tumbo. Cha pili nilikitafuta mpaka machozi yakanilenga, nikakipata jikoni nyuma ya ndoo ya unga. Nikafunga kamba mafundo mawili kama nilivyofundishwa, nikavaa begi langu, nikashuka taratibu nisianguke. Chini hapakuwa na teksi. Palikuwa na harufu ya petroli na paka mmoja.

Sikulia. Nataka hili lieleweke, maana baadaye Baba aliwaambia watu kwamba angeniaga ningelia. Mimi sikulia kwa sababu nilijua kilichotokea: wamenisahau. Kulikuwa na giza, mabegi mengi, mtoto mchanga, kila mmoja alidhani niko upande wa mwenzake. Wakifika Ubungo Baba atahesabu watu kabla ya kupanda basi, kwa sababu Baba huhesabu watu siku zote, ataona nimepungua, na teksi itageuza. Kazi yangu ilikuwa moja tu na niliijua kuliko mtoto yeyote wa mjini. Nikaenda mpaka pale lilipokuwa gurudumu la nyuma, nikasimama.

Kukapambazuka. Milango ya chuma ya maduka ikaanza kufunguliwa, wapita njia wakaongezeka, wamachinga wakatandika turubai zao pembeni yangu. Mtu wa mkokoteni akafika amejaza viroba.

"We mtoto, sogea."

"Siwezi. Nimeachwa hapa."

Akanitazama, akatazama mtaa wote, kisha akazungusha mkokoteni wake kunipita huku akinung'unika.

Jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu alikuwa Mama Zuhura, mwanamke mnene mwenye roho nyepesi, aliyekaanga maandazi na kuyapeleka dukani kwa watu. Akashuka. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Njoo ndani unywe chai."

"Ahsante. Nawasubiri Baba na Mama."

"Wameshaondoka, mama."

"Wamenisahau. Watarudi."

Aligeuza uso akatazama mfereji. Alirudi tena na andazi kwenye kisahani, nikakataa, sili cha mtu safarini. Akamtuma bintiye Zuhura, msichana mkubwa ambaye juzi yake tu alinikata kucha, aje anishike mkono. Nikapiga kelele kwa nguvu zote, "Huyu simjui! Huyu simjui!" Watu wakaacha shughuli zao, wakamzingira Zuhura wa watu kumuuliza anampeleka wapi mtoto. Aliondoka analia. Mimi nikarudi mahali pangu, na ninakumbuka nilivyojisikia fahari. Baba akija atasimuliwa.

Jua likapanda likakaa utosini. Begi la bluu likaanza kunukia kwa joto, ile harufu ya dukani, na kwa muda harufu hiyo ilinifariji kama vile Baba yuko karibu. Kila teksi iliyoingia mtaani nilinyoosha shingo. Nikabanwa na haja ndogo. Baba alifundisha kwamba njiani mtu hachimbi dawa peke yake, lazima awe na mwenzake, na mimi sikuwa na mwenzangu. Nikabana mpaka nikaona giza. Kisha ikatoka yenyewe, ikashuka miguuni, ikaingia kwenye viatu vya kufunika.

Hapo Mama Zuhura alishuka tena, safari hii na kanga. Akanifunga kiunoni, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Alikuwa na machozi.

"Sambusa ya dagaa," akasema.

Nikamtazama mdomo.

"Nani kakwambia?"

"Baba yako."

"Lini?"

"Jana jioni, pale ngazini. Akasema nisianze nalo. Nikwambie ukishakataa kabisa."

Maskini mwanamke yule hakujua alichokuwa anakisema. Alidhani amenipa ufunguo wa kuniingiza ndani. Mpaka dakika ile nilikuwa mtoto aliyesahauliwa, na wazazi wa mtoto aliyesahauliwa wanarudi mbio. Sasa nikakumbuka kiatu nyuma ya ndoo ya unga, na nikajua kwamba kiatu hakitembei. Nikamwona Baba jana yake, baada ya kunipakia begi na kunifungia utepe, akigonga mlango wa jirani na kumkabidhi neno langu. Nilikuwa nimelinda neno lile dhidi ya wezi wote wa dunia, sikujua kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Na kwa kuwa sheria ilikuwa sheria, aliyelijua neno ametumwa na Baba, nikamfuata Mama Zuhura ndani.

Kwa Mama Zuhura nilitunzwa vizuri. Nilikula, nilioga, nililala na Zuhura, ambaye alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Sikuuliza chochote. Waliporudi Baba alikuwa amefuga ndevu na Mama amekonda, na walikuwa na kiroba cha machungwa ya Muheza. Bibi alikuwa amezikwa. Waliniambia wakiwa wamenikalisha katikati yao, Baba akinimenyea chungwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungelia. Safari haianzi kwa kilio, mwanangu, inaleta nuksi. Na kule hakukuwa mahali pa mtoto. Nilikuwa nakulinda."

Akaninyooshea kipande cha chungwa. Sikukipokea. Nikamgeukia Mama, maana bado nilidhani kwamba Mama ni mtu mwingine.

"Bibi aliniulizia?"

Mama akatazama kiganja chake. "Bibi tulimkuta amelala tu," akasema. "Hakuzinduka. Hakujua nani amekuja na nani hajaja."

Hilo likanipooza. Ningeweza kubeba kuachwa kwangu, lakini nisingeweza kubeba Bibi kunisubiri. Nikalishika neno la Mama, nikakua nalo.

Baba aliponipandisha tena juu ya sanduku dukani, mbele ya mteja mmoja wa Ilala, akauliza kama kawaida, "Ukiachwa unafanyaje?" nikamjibu, "Muulize Mama Zuhura." Mteja alicheka. Baba alinishusha, akanipa kitambaa nifute vumbi kwenye mabegi. Hatukuzungumza tena jambo hilo mpaka alipokufa.

Nikiwasimulia rafiki zangu wa rika langu, wanacheka mpaka wanapigana makofi, maana kila mmoja ana lake. Huyu alitumwa dukani chumvi, akarudi akakuta nyumba tupu. Yule aliambiwa akalete kitana. Nenda kavae viatu ndiyo changa la macho la wazazi wetu wote, na tulilizoea kama surua, kwamba kila mtoto litampata. Mimi nami hucheka nao. Kwa kucheka hivyo, mwaka hadi mwaka, hasira yangu ilipungua makali. Nilimuuguza Baba mpaka mwisho wake. Nilimwosha miguu. Nilianza kuamini kwamba alikuwa mtu mwoga tu, aliyeogopa machozi ya mtoto kuliko ajali ya basi, na nikasema moyoni kwamba uoga si dhambi kubwa. Nilikuwa nimefika hapo.

Siku ile tuliyonunua begi, Mama alikuwa kwangu. Alikaa kitandani kwa mwanangu akikunja nguo zake, kaptula kwa kaptula, kwa mikono ile ile. Sijui ni begi lile, au ni uzee unaolegeza ulimi. Alianza kuongea bila kuulizwa.

"Bibi yako alikupenda wewe. Tulipofika tu neno lake la kwanza, mke mwenzangu yuko wapi."

Nilikuwa nafunga utepe. Nikaacha. "Si alikuwa hajazinduka?"

"Siku ile ya kwanza alizinduka. Alikuwa na akili zake zote." Alilainisha kola ya shati kwa kiganja. "Baba yako akasema asije akaondoka na kinyongo. Akamwambia umo uani, unacheza na wenzio."

"Mkamwambia nimekuja?"

"Tulimpooza tu, mwanangu. Ungetaka tumwambieje?"

Nikamuuliza Bibi alijibu nini.

"Akasema, mwacheni acheze, akichoka ataingia." Mama akaweka shati juu ya mengine. "Akaomba afumuliwe nywele kabisa, umkute tayari. Basi akalala hivyo, kichwa wazi, anatazama mlango. Mpaka tulipomfumba macho."

Mwanangu aliita kutoka sebuleni, anauliza kesho tunaondoka mapema au la. Nikamjibu mapema. Mama akaniomba nimsogezee soksi, nikamsogezea. Nilimchukia kwa namna ambayo sikujua mtu anaweza kumchukia mama yake huku anampa soksi. Baba yangu yuko mbele ya haki, na kila Ijumaa namwombea kama mtoto anavyotakiwa. Ijumaa iliyopita nilinyanyua mikono, nikafika kwenye jina lake, nikanyamaza. Wao niliwasubiri barabarani nusu siku tu. Bibi alikufa akijua kwamba nipo uani, namsikia, na nimekataa kuingia.